Mwenzako Akinyolewa: Somo la Mgodi wa Dhahabu wa Rosterman kwa Sisi wa Pwani

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani baada ya swala ya Isha. Alivua viatu, akakaa mkekani, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na kurasa tatu za Kiingereza. "Mjomba, nisomee hii," akaniambia. "Wanataka jibu Jumatatu."

Nilivaa miwani nikasoma. Ilikuwa barua ya kuomba ridhaa. Watu fulani walitaka kuingia katika shamba aliloachiwa na marehemu babake, lenye minazi, mikorosho na makaburi mawili, ili wachimbe vishimo na kuchukua udongo wa kupima. Chini kabisa palikuwa na mstari wa sahihi. Kijana alikuwa ameambiwa kwamba majirani wote wameshatia, na kwamba kuna kitu kidogo cha mkononi kwa atakayewahi. Akaniuliza, "Nitie?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia anywe kahawa kwanza, kisha nikamhadithia habari za Rosterman. Nawahadithia na nyinyi leo, kwa sababu najua mpwa wangu si peke yake mwenye bahasha kama ile.

Rosterman ni wapi?

Ujanani nilifundisha bara kwa miaka michache, katika shule moja ya Kakamega. Karibu na mji ule kuna mtaa uitwao Rosterman. Mgeni hudhani ni jina la mtu au la kanisa. Kumbe ni jina la mgodi. Siku za Jumamosi nilikuwa nikitembea huko na kuwakuta akina mama wamejiinamia mtoni na makarai, wakizungusha maji na mchanga kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Mmoja alinionyesha alichopata tangu asubuhi: chembe tatu za manjano kwenye ncha ya kidole, kila moja ndogo kuliko punje ya ufuta.

Chembe hizo ni makombo ya karamu kubwa iliyoliwa zamani. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi tangu 1935 hadi 1952 na ukatoa dhahabu ya zaidi ya wakia 250,000. Sisi wa Pwani dhahabu twaipima kwa tola, basi tufanye hesabu yetu. Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1, na tola ni gramu 11.66. Kwa hivyo mgodi ule ulitoa zaidi ya tola 660,000, karibu tani 8 za dhahabu. Fikiria mikufu, bangili na pete za harusi ngapi hizo.

Dhahabu yote hiyo ilitoka chini ya ardhi ambayo wenyewe walikuwa wameahidiwa, kwa sheria iliyoandikwa, kwamba ni yao milele.

Jinsi dhahabu inavyoingia katika jiwe

Kabla ya kufika kwenye ahadi hiyo, tuielewe dhahabu yenyewe. Wengi wetu twadhani dhahabu hukaa ardhini kama viazi, unachimba unaokota. Sivyo.

Miamba ya Kakamega ni ya kale sana, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni ndugu ya miamba inayozunguka Ziwa Victoria, ile ile yenye migodi ya Geita na Bulyanhulu upande wa Tanzania. Zamani hizo miamba ile ilikunjwa na kupasuka kwa nguvu za ardhi. Maji moto sana kutoka chini yakapanda kupitia nyufa, yakiwa yamebeba dhahabu kidogo kidogo iliyoyeyuka pamoja na salfa na silika. Yalipofika mahali penye joto na mgandamizo mdogo zaidi, au yalipokutana na mwamba wenye chuma, yakashindwa kuubeba mzigo wake. Silika ikaganda kuwa jiwe jeupe gumu liitwalo kwatzi, na dhahabu ikanaswa humo. Ndiyo sababu mchimbaji wa Kakamega hafuati dhahabu, bali hufuata mshipa wa jiwe jeupe unaopita katika mwamba mweusi au wa kijani.

Humo dhahabu haikai peke yake. Ina majirani, na kuwajua ni muhimu kuliko watu wanavyodhani.

Wa kwanza ni pairaiti, muungano wa chuma na salfa. Hung'aa manjano hata ikamdanganya mtu. Mwalimu mwenzangu alipata kuweka kipande chake kabatini mwaka mzima akidhani ametajirika. Kuipambanua ni rahisi. Gonga kwa nyundo: pairaiti hupasuka na kusagika, dhahabu hubonyea tu na kutandazika. Ukiisugua kwenye kigae kisicho na rangi ya kung'aa, pairaiti huacha alama nyeusi na dhahabu huacha alama ya manjano.

Wa pili ni asenopairaiti, jiwe la rangi ya fedha lenye arseniki ndani yake. Katika migodi ya aina hii dhahabu hupenda sana kukaa karibu na jiwe hili. Lakini arseniki ni sumu. Jiwe likiwa chini ya ardhi limetulia. Likisagwa na kuachwa wazi kwa mvua na hewa, sumu ile huanza kutoka taratibu.

Wa tatu ni galena, madini ya risasi, mazito na ya kung'aa kama kioo cheusi. Hili sisi twalijua kwa jina jengine, maana mara nyingi ndilo jiwe linalosagwa kufanywa wanja wa manga. Pwani pia liko. Kule Kinangoni, Kilifi, lilichimbwa pamoja na fedha. Tena huwamo madini ya shaba na ya zinki, ingawa ni kidogo.

Sasa usikie kipimo. Rosterman ulihesabiwa kuwa mgodi tajiri, na kwa wastani tani moja ya jiwe lake ilitoa gramu kumi na ushei. Ni kama tola moja. Tani nzima ya jiwe ilipasuliwa chini kwa chini, ikapandishwa juu, ikasagwa kuwa unga, na faida yake ikawa tola moja. Kinachobaki, karibu tani nzima, ni unga wenye ile pairaiti na ile arseniki. Wachimbaji wa Tanzania huuita marudio, kwa sababu watu huurudia kutafuta kilichosalia. Kwa hivyo popote palipo na tani 8 za dhahabu iliyoondoka, pana mamia ya maelfu ya tani za unga uliobaki na wenyeji.

Misafara yetu ilipita karibu

Huenda utasema, hayo ni mambo ya bara, yanatuhusu nini? Yanatuhusu tangu zamani. Wazee wetu waliijua biashara ya dhahabu kabla ya Mzungu kufika. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi Sofala, ikapita Kilwa, na ndiyo iliyoinenepesha Kilwa hata Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 akaukuta mji wa kusifiwa. Mwaka 1505 Wareno waliivamia Kilwa na kujenga ngome Sofala, na sababu kubwa ilikuwa dhahabu hiyo hiyo.

Magharibi mwa Kenya pia tulifika. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pwani ilikuwa ikipiga kambi kwa Nabongo Mumia, mahali panapoitwa Mumias hadi leo. Ukienda Mumias utasikia adhana, na mizizi yake ni misafara ile. Wazee walikwenda kutafuta pembe. Kutoka hapo hadi mito yenye dhahabu si safari ya mbali kwa mtu aliyetoka Pwani kwa miguu, lakini siri ile haikufunuka wakati wao.

Mwaka 1931

Ilifunuka mwaka 1931. Walowezi wa Kizungu walikuwa na hali mbaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, bei ya mahindi na kahawa imeshuka, na nzige wamekula kilichobaki. Mlowezi mmoja aitwaye L. A. Johnson, aliyekuwa akilima upande wa Turbo, akaenda kutafuta bahati yake katika mito ya Kakamega, akaona dhahabu.

Wakati wenyewe ulikuwa wa aina yake. Septemba mwaka huo huo Uingereza ilikuwa imeacha kuifunga pauni yake kwa dhahabu, na bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Kila mlowezi aliyekuwa na deni benki aliona hapa ndipo pa kutokea. Wakaja kwa mamia, na mahema, na magari mabovu, wakapiga vigingi katika mashamba ya watu. Waafrika kwa maelfu wakapata kazi ya kuchimba na kubeba. Serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Naye akaona pana kitu cha maana.

Hapo ndipo ilipotokea shida ya sheria.

Mwaka 1930 serikali hiyo hiyo ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda ardhi za wenyeji. Sheria ile ilisema ardhi zilizotengwa kwa makabila ni zao milele. Ikitokea lazima ya kuchukua kipande kwa haja ya umma, basi baraza la wenyeji lishauriwe kwanza, na kipande kingine cha ukubwa ule ule kiongezwe mahali pake. Ardhi kwa ardhi.

Dhahabu ilipoonekana, sheria ile ikawa mwiba. Basi Desemba 1932, siku chache kabla ya Krismasi, ilipelekwa katika baraza la kutunga sheria Nairobi na ikabadilishwa kwa haraka. Wenyeji wa Kakamega hawakuwa na mjumbe wao mwenyewe katika baraza lile. Baada ya mabadiliko, ardhi yenye madini iliweza kutolewa katika eneo la wenyeji bila kuwapa ardhi nyingine na bila kungoja shauri la baraza lao. Wangelipwa pesa.

Neno "milele" lilidumu miaka miwili.

Wako waliosema. Kule London, Lord Lugard na Askofu Mkuu wa Canterbury walilalamika kwamba serikali imevunja ahadi, na jambo likajadiliwa katika Bunge. Kakamega kwenyewe watu waliingiwa na hofu kwamba leo ni mashimo, kesho watahamishwa wote, na hofu hiyo ndiyo iliyokipa nguvu chama chao cha siasa cha North Kavirondo Central Association. Lakini sheria iliyobadilishwa ilibaki imebadilishwa.

Mgodi ulivyofanya kazi, na ulivyokufa

Hao wenye mahema na makarai hawakudumu. Dhahabu ya mtoni huisha haraka, kwa sababu ni ile tu iliyobomoka kutoka mwambani na kukokotwa na maji. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na mchanga wa kwatzi ni mzito mara mbili na nusu tu. Ndiyo maana karai hufanya kazi: ukizungusha, mchanga mwepesi huenda na maji, na kizito hukaa chini. Ikishaisha mtoni yabidi ufuate mshipa chini ya ardhi, na huko hapachimbwi kwa karai. Hutakiwa mashine, baruti, pampu za maji na mtaji. Makampuni yakachukua nafasi ya watu binafsi, na Rosterman ukawa ndio mgodi mkubwa kuliko yote ya Kakamega.

Njia za kutoa dhahabu katika jiwe migodini zilikuwa mbili. Ya kwanza ni zebaki. Jiwe likishasagwa, unga hupitishwa kwenye zebaki, na zebaki huikumbatia dhahabu wakawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki huruka na mvuke, dhahabu ikabaki. Ya pili ni sianidi, sumu inayoyeyusha hata chembe zisizoonekana kwa jicho, kisha dhahabu hurudishwa kuwa kitu kigumu kwa kutumia zinki.

Sianidi hutaka matangi na mitambo, lakini zebaki ni rahisi, na mpaka leo wachimbaji wadogo wa magharibi wanaichoma katika sufuria, wengine jikoni, watoto wakiwa karibu. Sisi walaji wa samaki yatupasa tuijue sumu hii zaidi ya wengine. Zebaki ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia katika samaki, na samaki mkubwa alaye wadogo huikusanya. Kule Minamata, Japani, watu waliokula samaki wa ghuba yenye zebaki ya kiwanda walipooza na kuzaa watoto wenye maradhi ya ubongo. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo.

Tukirudi Rosterman, Vita Kuu ya Pili vilileta uhaba wa watu na vifaa. Baada ya vita, gharama zikapanda kila mwaka, lakini bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa kwa dola 35 kwa wakia tangu 1934. Kadiri shimo lilivyozidi kwenda chini ndivyo kila tola ilivyozidi kuwa ghali kuitoa. Mwaka 1952 mgodi ukafungwa. Kampuni ikaondoka, na mashimo na unga vikabaki. Wajukuu wa wenye ardhi ndio hao niliowakuta na makarai, na wengine huteremka katika mashimo bila nguzo za kutosha. Kila baada ya muda twasikia redioni kwamba shimo limewafukia watu magharibi.

Hadithi yenyewe haijaisha. Dhahabu nyingine imeonekana upande wa Ikolomani, sehemu za Isulu na Bushiangala, na mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua mradi huo kutoka kwa Barrick. Maswali wanayouliza watu wa huko leo ni yale yale ya 1932: nani atahama, atalipwa nini, na nani alishauriwa.

Na sisi je?

Miamba yetu si ya dhahabu. Ni michanga zaidi, na vilima vichache vya aina yake. Lakini utajiri upo, na Kwale ndiyo shahidi. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa kupisha mgodi wa titani. Base Titanium ilianza kuchimba 2013, mzigo wa kwanza ukasafirishwa kupitia Likoni mapema 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukaisha. Miaka kumi na moja. Mgodi uliokuwa mkubwa kuliko yote nchini umekwisha kabla mtoto aliyezaliwa siku ya ufunguzi hajamaliza shule ya msingi.

Kisha kuna Mrima. Kilima kile kina madini ya niobi na madini adimu yanayotafutwa na dunia nzima kwa ajili ya sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Pia ni msitu wa kaya. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni Machi 2013, ikafutwa Agosti mwaka huo huo. Kesi ikapelekwa kwa mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, na 2018 kampuni ikashindwa. Tangu hapo wageni hawajaacha kukizunguka kilima hicho.

Sisi leo tunacho wasichokuwa nacho watu wa Kakamega wa 1932. Katiba ya 2010 yasema madini ni mali ya umma, na Serikali ya Taifa imeyashika kwa amana tu. Sheria ya Madini ya 2016 yasema mrabaha ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapotoka. Kampuni kubwa yatakiwa ifanye mkataba wa maendeleo na jamii na kutenga angalau asilimia 1 ya mapato ya mauzo. Tena, sheria hiyo yataka ridhaa ya mwenye ardhi kabla ya mtu kuingia shambani mwake kutafuta madini.

Sheria nzuri, lakini Kakamega nao walikuwa na sheria nzuri, ikiandikwa "milele". Na sisi twajua jinsi ile asilimia 10 ilivyokaa miaka mingi baada ya 2016 bila kuifikia jamii, huku viongozi wa Kwale wakipiga kelele. Sheria ina nguvu pale wenyewe wanapoijua na kuisimamia, na hasa pale wanapokuwa na karatasi mkononi.

Hapo kwenye karatasi ndipo penye udhaifu wetu mkubwa. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyofanya ardhi isiyodaiwa kwa maandishi Pwani kuwa ya Serikali, wengi wetu twalima mashamba ya mababu bila hati. Mgodi ukija, mwenye hati hulipwa ardhi, na asiye na hati akibahatika hulipiwa minazi. Mtu asingoje mpaka aone magari ya utafiti ndipo aanze kwenda ofisi ya ardhi.

Nilichomwambia mpwa wangu

Sikumwambia akatae. Madini yana faida yake, na vijana wetu wanahitaji kazi. Nilimwambia aandike maswali, na barua ile isitiwe sahihi mpaka yajibiwe kwa maandishi.

La kwanza: ninyi ni nani, na leseni yenu ya utafutaji ni namba ngapi? Leseni za madini huandikwa katika daftari la Serikali, na mwananchi ana haki ya kuuliza. La pili: ridhaa hii ni ya kutafuta tu, au imefichwa humo na ridhaa ya kuchimba? Hayo ni mambo mawili tofauti, na kurasa tatu za Kiingereza zaweza kuyachanganya. La tatu: mnatafuta madini gani, na majirani zake ni nani? Nilimweleza habari za arseniki ya Rosterman ili aelewe kwa nini nauliza. Mrima ina thoriamu, ambayo hutoa mionzi, na mtu anayechimbua udongo kama huo lazima aseme ataufukia vipi. La nne: vishimo mtavifukia lini, na makaburi mtayaepuka kwa hatua ngapi? La tano: nani mwengine katika familia ana haki ya kuulizwa? Maana shamba la urithi si la mtu mmoja, na dada zake wawili walikuwa hawajaambiwa neno.

Swali hilo la mwisho lilimnyamazisha. Akanyanyua kikombe, akakiweka bila kunywa.

"Lakini mjomba, wameniambia wengine wote wametia."

Nikamwuliza ameziona sahihi zao? Hakuwa ameziona. Asubuhi yake alikwenda nyumba kwa nyumba, akakuta katika majirani sita, wawili tu ndio waliotia, na mmoja kati ya hao alidhani ni fomu ya chakula cha msaada. Ijumaa baada ya swala wakakaa pamoja chini ya mwembe, akina mama wakiwamo, wakaandika barua moja yenye maswali yale yale, ikapelekwa na nakala kwa chifu.

Jumatatu ilipita na hakuna aliyekuja kuchukua sahihi. Majibu bado hatujayapata, na nitawaarifu yakija. Kwa sasa bahasha iko kwangu, ndani ya kabati, pamoja na kipande cha kwatzi nilichookota Rosterman miaka hiyo. Kama nawe umeletewa yako, usiisome peke yako usiku. Iite familia, waite majirani, mtafuteni anayejua Kiingereza cha sheria, kisha isomeni mchana kweupe.